Nilimshikia Kalamu Mama Mkwe, Nikapoteza Nyumba

Mama mkwe wangu aliinua mkono akanyoosha kidole. Kwa kuwa haoni, kidole kilielekea zizi la mbuzi, siyo kwangu. Lakini watu wote waliokaa pale uani walijua anayenyooshewa ni nani.

"Nilimwambia aweke kwa mwanangu," akasema. "Alichoweka yeye mimi sikijui."

Ndugu wasomaji, ni mimi. Mume wangu Yona alisimama, akaja mpaka nilipokuwa nimekaa, akaichukua mkononi mwangu ile fimbo niliyokuwa nikimwongozea mama yake. Hakunipiga. Aliichukua tu, kama mtu anayechukua kitu chake kwa mwizi... Afadhali angenipiga!

Mimi nina miaka arobaini na saba. Nimesoma mpaka darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Nimezaliwa upande wa Gulwe, nikaolewa kijiji kimoja ukishaiacha Kibaigwa, nikakaa huko miaka ishirini na mitatu. Jina la kijiji silitaji, maana wamo watu wasio na kosa. Wenye kosa nitawataja, na sitawataja kwa kunong'ona.

Nianze na mama mkwe. Alikuwa anaitwa Bibi Matika. Macho yake yaliharibiwa na trakoma, ule ugonjwa wa kope kugeukia ndani zikawa zinakwangua jicho kila ukipepesa. Kwetu huko kwenye vumbi wazee wengi wamepofuka hivyo. Mwanzoni aliona ukungu, baadaye kivuli, baadaye hakuona kitu.

Nilimwongoza miaka tisa. Yeye alishika ncha moja ya fimbo na mimi ncha ya pili, mimi mbele, yeye nyuma. Kisimani, kanisani, msibani, kliniki. Nilimpikia ugali wa uwele uliotoka ghalani kwa mwanawe mkubwa, na mlenda alioupenda, nikamtolea miiba mguuni. Watu walikuwa wakitania, "Mama Neema, wewe na mama mkwe wako mnatembea kama treni, behewa haliachi kichwa!" Naye Bibi Matika hujibu, "Kichwa chenyewe kinakwenda mwendo wa konokono." Tulicheka. Kweli tulicheka sana mimi na yule mama...

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojiingiza mwenyewe, maana hakuna aliyenilazimisha.

Ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita, binti aliyekuwa amepangiwa ukarani katika kituo chetu alishikwa na uchungu wa kuzaa siku chache kabla. Mtendaji wa kijiji akaitisha watu, akauliza nani anajua kusoma na haogopi watu. Wanawake wakaangalia chini. Mimi nikanyoosha mkono!

Niwaambie ukweli, nilitaka. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuitwa kuosha masufuria kwenye shughuli za watu. Siku hiyo nilitaka na mimi nikae upande wa wenye kalamu. Je, hiyo ni dhambi?

Tatizo lilikuwepo tangu hapo, na nililisema. Waliogombea uenyekiti wa kijiji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Stefano, fundi baiskeli. Wa pili alikuwa shemeji yangu, Lameki Ndahani, kaka mkubwa wa mume wangu, mtoto wa kwanza wa Bibi Matika. Vyama vyao sivitaji, havinihusu.

Msimamizi wa kituo chetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Gervas Kimolo. Huyu jina lake lishikeni. Nilimfuata nikamsalimia, nikamwambia, "Mwalimu, mgombea mmoja ni shemeji yangu. Haitakuwa vibaya?" Akacheka. Akasema, "Mama Neema, kijiji hiki kila mtu ni shemeji wa mtu. Nikianza kuchuja nitasimamia na mbuzi."

Nikacheka na mimi. Alikuwa mtu msomi, mimi nani nimbishie?

Tulipelekwa kuapishwa. Nilishika Biblia mkono wa kulia, nikaapa kwamba sitamwambia mtu yeyote kura ya mtu yeyote. Wenzangu waliapa huku wanachati kwenye simu. Niliona Mungu ananiangalia mimi peke yangu.

Lameki alifurahi sana kusikia nimeingia. Alikuja nyumbani anachekacheka, akamwambia mdogo wake, "Sasa tuna mtu ndani!" Kisha akanigeukia, akanikonyeza. "Shemeji, wale wazee wasioona uwashike mkono vizuri."

Nikamjibu, "Nitawashika wote sawasawa, shemeji."

Akapasuka kwa kicheko. Alidhani namtania.

Sasa na mjue kwa nini nusu ya kijiji ilimwogopa Lameki. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya hapo, na kwa mhuri ule mdogo tu alikuwa ameshawagawia watu wa mjini eneo la malisho. Tangu makao makuu yahamie Dodoma, watu wanakuja na magari kutafuta ardhi mpaka kwetu huko. Siku moja ng'ombe walikwenda malishoni wakakuta nguzo na senyenge! Ukimuuliza, anasema maendeleo. Ukimuuliza mara ya pili, unakuta shamba lako nalo lina mgogoro.

Kwa hiyo alipopita nyumba hadi nyumba kuomba kura, kila mtu alimwambia ndiyo. Kwetu mtu akikujia mlangoni na ombi humwambii hapana machoni. Unamkaribisha kigoda, unampa maji, unasema "tumekusikia baba, tuko pamoja." Anaondoka anacheka. Moyoni unajua mwenyewe. Ni adabu, na wakati mwingine ni woga uliovaa nguo za adabu.

Siku ya kura ilifika. Kituo chetu kilikuwa darasa la tatu la shule ya msingi. Kituturi, yaani pale pa kujificha ukiweka alama, kilikuwa dawati lililowekwa kwenye kona likazungushiwa turubai. Mimi nilivaa kizibao, nikasimama mlangoni kupanga foleni. Nilijisikia mtu!

Saa tatu jua likawa kali. Wazee wasioona walikuwa wameanza kufika, wameletwa na wajukuu kama ilivyo desturi. Mwalimu Kimolo akasema watoto hawaruhusiwi kuingia kituturini. Ni kweli hawaruhusiwi. Lakini wazee hawakuwa wameleta mtu mzima, nani alikuwa amewaambia? Wakasimama nje juani. Foleni ikakwama. Watu wakaanza kupiga kelele, mmoja akasema, "Mwalimu, au unataka wapige kura kwa pua?"

Mwalimu akatoka jasho. Akaniita. Akasema, "Mama Neema, wewe wanakuamini. Ingia nao mmoja mmoja uwawekee alama wanavyosema."

Nikamuuliza, "Mimi karani naruhusiwa?"

Akasema, "Msimamizi ni nani hapa?"

Basi. Maneno hayo manne ndiyo yaliyonimaliza. Baadaye sana, maji yameshamwagika, ndipo nilipoambiwa kwamba asiyeona huchagua mwenyewe mtu wa kumsaidia, na mtumishi wa kituo hatakiwi kushika kalamu ya mpiga kura. Mimi ningejuaje? Kitabu cha maelekezo alikuwa nacho yeye, amekikalia kwenye kiti ili suruali isichafuke na vumbi!

Nikaanza kuingia nao. Kumi na mmoja. Mawakala wa wagombea walikuwa wamekaa ukutani upande wa pili, mbali, hawakusikia. Kila mzee aliniwekea mdomo sikioni akanitajia jina, nami nikaweka alama ya vema pale pale alipotaja, nikakunja karatasi, nikamshika mkono mpaka kwenye sanduku. Wale kumi sitawataja walichosema. Siri yao nitaingia nayo kaburini.

Wa kumi na moja alikuwa Bibi Matika.

Masikio yake nayo yalikuwa yameanza kuwa mazito, na mtu asiyesikia vizuri hajui sauti yake ina ukubwa gani. Mwalimu Kimolo alikuwa amekuja karibu na turubai kutuharakisha. Nikamwambia, "Mama, nitajie."

Akasema, "Weka kwa Stefano."

Kosa langu nalikiri hapa: nilimuuliza tena. "Mama, Stefano? Siyo Lameki?"

Akanijibu, na siyo kwa kunong'ona! "Mimi ndiye niliyemzaa, namjua. Akipewa mhuri mkubwa atauza mpaka kaburi la baba yake."

Nikaweka kwa Stefano. Ningefanya nini kingine? Ile kura haikuwa yangu.

Tulipotoka, Mwalimu Kimolo alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye turubai, mkono umeziba mdomo. Alikuwa anajizuia kucheka. Nilipompitia karibu na mlango aliniinamia akasema polepole, "Huyu bibi ana akili kuliko kijiji kizima."

Hayo maneno myahifadhi. Nitayarudia mwishoni.

Kura zikahesabiwa jioni ileile. Stefano alimshinda Lameki kwa kura sita.

Sita tu!

Lameki hakupiga kelele. Kesho yake alianza kupita tena nyumba hadi nyumba, mkononi kabeba kibuyu kidogo. Mlangoni kwa kila mtu aliuliza, "Ulinipa hukunipa?" Na kwa kila aliyejibu "nilikupa, baba" alitia punje ya mahindi kibuyuni. Ndugu zangu, nani angemwambia mtu kama yule, na hasira zile usoni, kwamba sikukupa? Wote walisema ndiyo. Hata waliocheza ngoma kwa Stefano walisema ndiyo!

Alipomaliza akamwaga punje kwenye ungo mbele ya wazee wa ukoo, wakahesabu. Punje zilizidi kura zake kwa ishirini na tisa.

"Nimeibiwa," akasema. "Na najua mlango mwizi alikopitia."

Akaeleza. Sanduku mawakala walikuwa wanaliona. Kuhesabu walihesabu pamoja. Mahali pekee ambapo mtu mmoja aliingia bila kuonwa na mwenzake, kalamu mkononi, ni kule nyuma ya turubai pamoja na vipofu. Na wale vipofu wote, ukimtoa mama yake ambaye hakuwa amemuuliza, walikuwa wamemwambia walimpa yeye. Kumi! Na yeye kakosa sita!

Hapo ndipo Jumapili baada ya ibada lilipokaa lile baraza la uani kwetu.

Lameki akaniuliza mbele ya watu, "Shemeji, wazee hawa walikutajia nani?"

Nikasema, "Niliapa, shemeji. Siwezi kusema."

"Ameapa!" akawageukia watu. "Mwizi gani hajaapa?" Watu wakacheka.

Nikajitetea kwa akili yangu ndogo. Nikasema, "Punje zimezidi ishirini na tisa. Wasioona ni kumi na mmoja. Wale kumi na wanane wengine wenye macho yao, nao niliwashikia kalamu mimi?"

Niliwaangalia mmoja mmoja, wale wale waliodanganya mlangoni, wakaangalia vidole vya miguu yao. Walijua! Lakini ilikuwa salama zaidi mimi niwe mwizi kuliko wao waonekane waongo.

Ndipo Lameki alipomgeukia mama yake. Akasema, na sauti yake ilikuwa laini kabisa, "Mama, wewe unakula kwangu na unavaa kwangu. Ulimtajia nani?"

Sikuwa na hofu hapo, nawaambia ukweli. Nilijisemea, sasa nimeokoka. Mama hawezi. Miaka tisa ya fimbo...

Yaliyofuata mmeshayasoma.

Nilitaka kufungua mdomo niseme alichosema. Kiapo kikanizuia! Na zaidi ya kiapo, nilimwangalia alivyokaa, kidole kinaelekea mbuzi, nikaona woga. Nikajiambia nikimtaja hapa, leo ndiyo mwisho wake wa kula. Nikaomba tu aitwe Mwalimu Kimolo, yeye ni shahidi, alikuwepo, aseme.

Akaitwa. Akaja na pikipiki yake, shati jeupe. Nikamwambia mbele ya wote, "Mwalimu, waambie ni nani aliyenituma niingie na wazee. Na waambie kama ulisikia chochote."

Alijifuta uso kwa leso. Hakuniangalia. Akasema, "Mimi kama msimamizi nilimwelekeza apange foleni tu. Kuingia kituturini alijiingiza mwenyewe. Na mimi sikusikia kitu."

Sikusikia kitu!

Kwa nini alisema hivyo? Rahisi. Akisema alinituma, yeye ndiye aliyevunja utaratibu, na halmashauri itamuuliza. Akisema alisikia, itajulikana alikuwa amesimama pale ambapo hakutakiwa kusimama. Kwa hiyo akachagua. Kati ya kazi yake na nyumba yangu, akachagua kazi yake. Alikunywa chai iliyokuwa pale, akawasha pikipiki, akaondoka.

Yona, mume wangu, ni mtu mpole. Watu wananisifia hilo mpaka leo, "lakini Yona mpole." Upole gani? Aliniambia, "Nenda kwenu upumzike kidogo, mambo yapoe." Nilifunga nguo kwenye kanga mbili. Wakati ule watu walikuwa wanaberega, yaani kukwatua mashamba makavu, kungoja mvua, na nilipokuwa napita na mzigo kichwani walisimamisha majembe wakaniangalia. Hakuna aliyesema hata "mbukwenyi," salamu ya kwetu ambayo hata mgeni asiyejulikana huipata. Mmoja tu ndiye aliyepaza sauti: "Karani! Umesahau sanduku!" Wenzake wakacheka.

Nilifika Gulwe kwa kaka yangu. "Kidogo" ya Yona ikawa mwezi, ikawa mvua yote, ikawa mavuno. Kisha nikasikia ameoa.

Mnadhani yaliishia hapo? Hapana.

Mimi nilipoondoka, nani angemwongoza Bibi Matika? Mke wa Lameki alimwongoza mpaka mavuno, akasema ana mgongo. Mke mpya wa Yona alisema hakuolewa kuwa fimbo. Basi Lameki akaamua, na Yona mpole akakubali, kwamba binti yangu Neema ndiye atamwongoza bibi yake. Neema alikuwa kidato cha pili, wa tatu katika darasa lao! Shule zilipofunguliwa Januari iliyofuata alibaki. Waliniambia ni kwa muda tu. Nilikwenda kumchukua, Lameki akaniwekea watu njiani. Akasema mtoto ni wa ukoo, siyo wa mwizi wa kura.

Nilikwenda kwa mtendaji. Akaniambia, "Uchaguzi umekwisha, mama, malalamiko yana muda wake." Nikasema silalamikii uchaguzi, nalalamikia mtoto. Akasema hilo ni la familia.

Nilikwenda kwa Stefano, mwenyekiti mpya. Huyu naye nitamtaja. Alinipa kigoda na maji. Akasema, "Dada, nikikutetea wataona kweli tulipanga mimi na wewe." Akanitoa mpaka njiani akanisindikiza kwa heshima zote. Hata yeye aliyeshinda! Neema yuko hatua mia mbili kutoka ofisini kwake, na mhuri anao.

Nilikutana na Bibi Matika mara moja tu baada ya hapo. Walikuja madaktari wa macho Kibaigwa, nikasikia, nikajua lazima wataletwa wazee. Nikasafiri. Nikawakuta kwenye benchi, Neema kakonda, ncha ya fimbo mkononi. Neema alipotaka kulia nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Nikakaa karibu na bibi yake. Sikusema neno.

Yule mama alinyoosha mkono, akakishika kiganja changu, akakipapasa mpaka kwenye kovu la panga nililojikata nikimpasulia kuni. Akavuta pumzi.

"Mama Neema."

"Shikamoo, Mama."

Akasogea karibu. Safari hii alinong'ona kweli kweli, alijua sasa kunong'ona. Akasema, "Ulifanya nilivyokwambia. Hukunikosea."

Nikamwambia, "Mama, hayo maneno yaseme kwa sauti. Yaseme hapa hapa, watu wa kijijini wamejaa. Mara moja tu."

Akalipapasa tena lile kovu. Kisha akasema, "Nikisema, nitalala wapi?"

Nikamwambia, "Na mimi nimelala wapi, Mama?"

Akaniachia mkono. Ikaitwa namba yao wakasimama, Neema mbele, yeye nyuma. Nikabaki kwenye benchi... Niliwaangalia mpaka wakaingia ndani ya mlango.

Masika iliyopita Bibi Matika alifariki. Nilikwenda kuzika. Lameki alituma mtu kuniambia nisimame barabarani, nisikanyage uwanja. Nikasimama barabarani. Nilimlilia kutoka barabarani! Nilimchukia na nilimlilia, vyote viwili, na sijui kueleza zaidi ya hapo.

Sasa najua wengine mtauliza: na kiapo chako, mama? Mbona leo umetaja kura yake? Nimekivunja, ndiyo. Kwa kura moja tu, ya mtu aliye chini ya udongo na ambaye hakuna tena wa kumnyima ugali. Mungu aniulize, nitamjibu. Wale kumi bado nimewafunika.

Neema sasa ana miaka kumi na minane. Bibi hayupo, fimbo imeegeshwa ukutani, lakini yeye bado amezuiwa kule anapika na kuchota maji. Nilipotuma ujumbe kwamba arudi kwangu nimtafutie shule ya watu wazima, Lameki alijibu kwamba binti hawezi kulelewa na mwanamke aliyemwibia bibi yake kipofu. Basi jina hilo la wizi ndilo kufuli. Likifunguka, mtoto wangu atatoka.

Ndugu zangu, hasa nyinyi wenzangu tusiosoma sana, msikubali kutumwa kwa mdomo. Mtu mwenye kitabu cha maelekezo akikwambia fanya, mwambie nisomee ukurasa. Akikuuliza msimamizi ni nani, mwambie ni wewe, ndiyo maana nataka unisomee! Na mkiwa na mzazi asiyeona, siku ya kura mpelekeeni mtu mzima aliyemchagua mwenyewe. Msimwachie mgeni, wala mkwe. Na nyinyi mnaosema "ndiyo baba" mlangoni huku moyoni ni hapana, jueni kila ndiyo ya uongo ni punje, na punje hizo zitahesabiwa juu ya kichwa cha mtu.

Nimemaliza na nyinyi. Sasa nazungumza na mmoja.

Mwalimu Gervas Kimolo, nilikuona siku ya mazishi. Umeshapandishwa cheo, sasa unasimamia shule za kata nzima. Ulinikuta pale barabarani ukaniambia, "Mama Neema, yaliyopita si ndwele." Kwako si ndwele. Kwangu ni donda, na linanuka.

Bibi amekufa na ulimi wake. Lameki haniamini. Aliyebaki duniani aliyesikia ile kura kwa masikio yake ni wewe tu. Sitaki kazi yako wala sitaki ufungwe. Nataka urudi pale uani, uwaite walewale, uwaambie nani alinituma nyuma ya turubai. Kisha uyarudie, kwa sauti, maneno uliyoninong'oneza mlangoni kuhusu akili za yule bibi.

Ulisikia, Mwalimu. Neema anakusubiri. Jibu!